Mlango wa Chumba cha Kompyuta

Ipo siku moja ya masika naikumbuka kila nikisikia mtu anasema mfumo umekataa. Na jana, mwanangu, nimeyasikia maneno hayo kwako. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale hospitali unakofanya kazi, nakusubiri utoke twende nyumbani, nikakusikia dirishani ukimwambia bibi wa watu, "Mfumo haukutambui, mama. Nenda tu." Hata kichwa hukuinua! Nilitamani nije hapo na mkongojo wangu. Nikajizuia, lakini leo utanisikiliza, na hiyo simu iweke chini.

Mnadhani kompyuta mmeletewa nyie. Mimi nimefanya kazi na kompyuta enzi za Ujamaa, katika ofisi moja mjini, na ilikuwa imejaza chumba kizima. Haikuvumilia joto wala unyevu, kwa hiyo chumba chake kilikuwa na kiyoyozi. Bi Kokila, mama wa Kihindi aliyekuwa msimamizi wake, alivaa sweta juu ya sari, Dar es Salaam hii hii. Mimi nilikuwa karani wa kutoboa kadi. Kila mtoto aliyefanya mtihani wa darasa la saba alikuwa na kadi yake, na matundu niliyoyatoboa ndiyo yaliyokuwa jina lake na alama zake. Mashine ilisoma matundu, ikapanga alama, ikachapa orodha ya wanaoingia kidato cha kwanza.

Wakati huo nilipanga chumba Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Chumba cha pili alikaa Mama Mwanaidi, aliyekuwa akichoma vitumbua uani. Binti yake Mwanaidi alikuwa na akili mpaka walimu wake wakimwogopa. Lakini baba mtu alishatamka kwamba asipochaguliwa ataolewa, na mchumba alikuwa ameshapatikana. Mtoto wa darasa la saba! Nikikumbuka napandwa na hasira upya.

Orodha ikatoka, Mwanaidi hayumo. Mama yake akaja mpaka ofisini, khanga imelowa mvua.

"Ndeshi mwanangu, hebu niangalizie. Mwalimu mkuu mwenyewe haamini."

Nikamjibu, "Mama Mwanaidi, mashine imeshaamua. Mashine haikosei."

Maneno hayo tuliyazoea kwa bwana mkubwa wetu wa ofisi. Akiulizwa lolote anasema mashine imeamua, kisha anarudi kwenye chai yake. Na sisi vijana tuliona ni maneno ya kisomi.

Bi Kokila alikuwa amesimama nyuma yangu. Orodha ilichapwa yeye akiwa mgonjwa nyumbani, na siku hiyo ndiyo kwanza amerudi.

"Nani ameamua?" akaniuliza. "Wewe binti, cherehani ilishaamua lini gauni liwe la nani? Inashona kitambaa ulichoiwekea, basi. Na hii ni hivyo hivyo. Inasoma kadi, inafuata maagizo tuliyoiandikia, inahifadhi kwenye utepe wa sumaku, inachapa. Haimjui Mwanaidi. Kadi yake umeiona ikisomwa?"

Sikuwa nimeiona. Akanivuta mkono hadi ndani. Kando ya mashine kulikuwa na sanduku la kadi ambazo mashine ilishindwa kuzisoma, ikazitema. Bwana mkubwa aliagiza ziachwe humo humo, eti hao ndio walioshindwa mtihani. Eti walioshindwa! Kadi ya Mwanaidi ilikuwa humo. Nilipoipapasa, ilikuwa laini na imevimba kama mkate ulioingia maji.

Bi Kokila akatazama mlango. Ulikuwa umewekewa tofali usijifunge, ili baridi ya mashine ifike ofisini kwa bwana mkubwa. Basi masika yote yakawa yanaingia humo ndani. Watoto wa watu wakose shule kwa sababu mtu mzima hataki kutoka jasho!

Bi Kokila aliliinua lile tofali kwa mikono yake miwili, akaenda kulitua juu ya meza ya bwana mkubwa, juu ya mafaili yake. Tukafunga mlango. Nikatoboa upya kadi zote za sanduku lile, huku Mama Mwanaidi amekaa kwenye ngazi, hataki kuondoka. Safari hii mashine ilizisoma zote. Orodha mpya ilipotoka, Mwanaidi alikuwa karibu na juu kabisa.

Nilikimbia nikamsomee mama yake. Hakunishukuru. Alinitazama tu, akasema, "Ningekusikiliza wewe, Ndeshi, mwanangu angeolewa Ijumaa."

Kwa hiyo, mwanangu, usiniletee habari za mfumo. Mfumo unajua kile mtu alichouingizia, na unakifanyia kile mtu alichouagiza. Jina lisipoonekana, uliza liliandikwaje, nani aliliingiza, na lini. Mashine ikishindwa, hapo ndipo kazi yako inaanza, maana ingekuwa inatosha peke yake wasingekuajiri. Na unapozungumza na mtu, mtazame usoni, jamani.

Yule bibi wa jana nilimfuata nje, nikamkamata mkono pale getini. Wewe humjui. Ni Mwanaidi. Amefundisha mpaka amestaafu, na sasa magoti yanamsumbua. Akaniambia, "Dada Ndeshi, mashine imeshaamua tena," akacheka. Yeye alicheka. Mimi sikuweza.

Kesho asubuhi anarudi. Utamwamkia, utampa kiti, na utalitafuta jina lake mpaka ulipate. Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla ya kioo cha kompyuta, akupe subira kuliko aliyonipa mimi, na avibariki hivyo vidole vyako viwafungulie watu milango. Haya, nenda kale, chakula kinapoa.