Mjomba Aliyeshushwa Mlimani Akiwa Hai

Tulimshusha mjomba kutoka mlimani kwa machela ya mianzi na blanketi, na kila tuliyepishana naye alidhani tumebeba maiti. Wanawake waliokuwa wakipeleka karoti sokoni walitua matenga, wakajitanda kanga vichwani, wakasimama kimya. Mjomba akatoa mkono ndani ya blanketi.

"Bado, wanangu," akawaambia. "Nakwenda ofisini tu."

Wakacheka kwa aibu, wakamwamkia shikamoo. Mimi sikucheka. Mjomba, kaka wa mama yangu, alirudi kutoka vitani Uganda akiwa na kipande cha chuma kifuani, na uzeeni kikawa kinamnyima pumzi. Daktari wa mjini alisema kinaweza kutolewa kwenye hospitali ya jeshi, ila ilitakiwa barua ya kuthibitisha kwamba aliumia akiwa kazini. Barua hiyo ilitoka ofisi moja tu, pale Morogoro. Nilikwenda mara tatu, na mara zote nikaambiwa faili halionekani. Mara ya nne wakasema aje mwenyewe.

Basi alikuja. Vijana sita wa ukoo walimbeba tangu alfajiri mpaka mabega yakawachubuka. Ofisi iko ghorofani na ngazi zake ni nyembamba, machela ikashindwa kukata kona. Nikapanda kumwomba karani ashuke. Ngazi ishirini na nane, nilizihesabu kwa hasira. Karani hakuinua macho kwenye simu yake. Alisema utaratibu ni mhusika afike mezani.

"Amefika," nikamwambia. "Amelala kwenye sakafu yenu hapo chini."

Akaniambia nisimpandishie sauti, na kwamba hata hivyo faili bado linatafutwa. Nilipomweleza mjomba, aliwaomba vijana radhi kwa kuwachosha bure. Yaani yeye ndiye aliyeomba radhi. Nikilikumbuka hilo, mpaka leo damu inanichemka.

Alikufa baada ya wiki saba, akiwa ameketi, kwa kuwa kulala kulishamshinda.

Kesho yake ofisi ile ikapanda mlima kuja mazishini. Karani aliyeshindwa na ngazi alitembea saa mbili kwenye utelezi, kakumbatia shada la maua, nyuma ya afisa aliyevaa sare iliyonyooshwa vizuri. Padri alipomaliza, afisa akafungua karatasi akasoma. Namba ya mjomba ya jeshi, kikosi chake, mwezi alioumia, chuma kifuani upande wa kushoto. Hakuna kilichokosekana. Watu wakanong'ona kwamba marehemu kaheshimiwa.

Nilimfuata karani pembeni, alikokuwa akifuta tope kwenye viatu, nikamuuliza hayo yote wameyatoa wapi.

"Kwenye faili lake, dada," akanijibu kwa upole. "Taarifa ya msiba ilipofika, tulilipata siku hiyohiyo."