Aliyemwaga Ndiye Apangaye

Shangazi yangu hajawahi kumwomba mtu radhi kwa kupenda kitu kizuri. Kiwandani wanamwita Nukta, kwa sababu aliwahi kusimamisha mashine, wino umeshapakwa na karatasi ziko tayari, kwa ajili ya nukta moja iliyochakaa. Ni mpanga herufi. Huokota herufi za madini ya risasi moja moja kutoka visandukuni, akazipanga mstari kwa mstari hadi ukurasa utimie, kisha akaubana kwa kabari ndani ya fremu ya chuma. Ukishachapwa, kila herufi hurudishwa kisandukuni kwake. "Zinarudi kulala," husema.

Kiwanda kilijengwa kuchapa Biblia. Siku hizi kurasa hupangwa kwa kompyuta, na chumba cha shangazi kimebakiwa na kadi za harusi. Lakini herufi za ile Biblia ya kwanza bado zipo, na nakala yake moja iko juu ya meza yake. Aliponifungulia mara ya kwanza nilikuwa nimetoka chuo, kichwa kimejaa maneno makubwa.

"Usisome, mwanangu," akaniambia. "Tazama."

Nikatazama. Safu mbili za maneno, na katikati yake mstari mwembamba kama unywele. Mwanzoni mwa kila kitabu, herufi moja kubwa iliyochongwa kwa mti, imezungukwa na mizabibu, na ndege mdogo amejificha nyuma ya jani. Pembeni weupe mpana wa kupumzisha macho. Nikapitisha kidole: herufi zilikuwa zimeuma karatasi zikaacha alama.

"Walichapiwa akina nani kitu kama hiki?"

"Watu wa viti vya nyuma kanisani. Wapagazi, wapishi, wafua nguo. Na hakuna aliyesema kwamba hao karatasi ya kufungia sabuni inawatosha."

Jibu hilo sijalitua mpaka leo. Anayedhani uzuri ni wa walioshiba, aende akamwambie shangazi usoni.

Aliyejaribu ni meneja. Naye si mgeni: alianzia humo humo, mwanafunzi wa shangazi, na mpaka sasa akiingia chumbani mwake huvua kofia bila kujijua. Asubuhi moja alikuja na bwana mwenye viatu vya kung'aa, mpambaji wa hoteli. Walitaka herufi zote za Biblia. Za mti zitundikwe juu ya kaunta ya baa, za risasi zitiwe kwenye mitungi ya kioo.

"Mitungi?" shangazi akauliza. "Kama pipi?"

"Ni pambo tu, mama," mpambaji akasema. "Zitaonwa na watu wengi."

"Hata chupi ikianikwa barabarani huonwa na watu wengi."

Nilicheka kwa sauti. Meneja akanikata jicho, kisha akamgeukia shangazi. "Nukta, nisikilize. Herufi hizi hazina kazi tena."

"Hazina kazi? Sogea uone."

Akafunua kitambaa kilichofunika meza. Ukurasa wa kwanza wa Mwanzo ulikuwa umepangwa wote, ndege na jani lake. Kando yake fremu ya pili, na ya tatu, na nyingine hadi ukutani. Tangu aliposikia fununu alikuwa akipanga, na sasa herufi zote zilizotakiwa zilikuwa kazini. Chumba kile kina sheria zake, hazikuandikwa popote: ukurasa uliofungwa haufunguliwi na mwingine ila aliyeufunga, mpaka uchapwe.

"Na ukishachapwa?" meneja akauliza.

"Nafunga mwingine. Biblia ina kurasa nyingi, na mimi sina haraka."

"Huu ni ukaidi!"

"Ndiyo. Na nimeupanga vizuri."

Mpambaji akatazama saa. Meneja akaona haya, na haya ikazaa hasira. Akanyakua ufunguo wa kukazia fremu, akalegeza kabari za ukurasa wa kwanza, apate kuutoa. Mtu wa kazi angeusukuma taratibu kwenye trei. Yeye, kwa kuwa ameshazoea kunyanyua simu, aliinyanyua fremu nzima. Katikati pakabonyea, kisha ukurasa wote ukamwagika. Risasi zikalia sakafuni kama mvua juu ya bati. Ile herufi ya mti ikabingirika hadi kwenye kiatu cha mpambaji.

Mashine ya chumba cha pili ikanyamaza. Wachapaji wakajaa mlangoni, mikono imejaa wino.

Shangazi hakupaza sauti. "Aliyemwaga?"

"Ndiye apangaye!" mlango mzima ukaitikia.

Hiyo ni sheria ya pili. Ukimwaga, utarudisha kila herufi kisandukuni kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna kitakachotoka chumbani kabla hujamaliza. Meneja anaijua. Enzi za kujifunza aliitumikia mpaka magoti yakaota sugu.

"Nukta, mimi ni meneja hapa."

"Basi simamia. Ukiwa umepiga magoti."

"Bosi, usichanganye n na u," mchapaji mmoja akapiga kelele, "utatuharibia Mungu!"

Angeweza kuondoka. Nilimwona akiutazama mlango, na wale waliouziba, watu ambao kesho angewahitaji. Akavua koti. Akapiga magoti, akaokota herufi, akaigeuza kwenye mwanga, na mkono wake ukaenda kisandukuni bila macho kuusaidia. Mkono ulikuwa haujasahau.

"Atamaliza lini?" mpambaji akauliza.

"Sijui, baba. Mwanafunzi wangu huyu alikuwa mzito kidogo."

Mpambaji akasema atarudi. Shangazi akamwambia karibu sana, atakuta herufi kazini. Akitaka na yeye kumwaga, sakafu ni pana.

Kisha akapaka wino ukurasa wa pili, akanipa mpini wa mashine yake ya mkono nivute, akaitoa karatasi ya kwanza. Akaitundika ikauke kwenye kamba, juu kabisa ya kichwa cha meneja, nyeusi tii juu ya weupe.

"Tazama juu kidogo, bosi," akasema. "Usisome."