Utomvu wa Njano

Mama Mwesiga hatulii. Tumekuwa majirani hapa Chonyonyo miaka ishirini na sita, na sijamwona akiamini jambo kwa kuambiwa tu. Hata maharage sokoni huyatafuna kwanza ndipo anunue. Hunichosha, lakini ndiye rafiki yangu.

Mwezi uliopita mgomba mmoja ulinyauka kwenye kibanja chake, karibu na kaburi la mumewe. Kibanja hicho ndicho kinachomlisha yeye na wajukuu wanne. Redio ikasema huo ni ugonjwa wa mnyauko, ang'oe. Shemeji yake akapiga simu kutoka Kihanga kwamba ni jua tu. Kwenye kundi la simu la kwaya wakamshauri majivu. Kila mtu alikuwa na uhakika isipokuwa yeye.

"Restuta, nitang'oaje mali ya marehemu kwa maneno ya simu?"

"Si umsubiri bwana shamba? Anakuja Alhamisi."

"Alhamisi mbali."

Jumatatu akatumiwa ujumbe wa sauti: ukikata mgomba ukatoa utomvu wa njano, ndio mnyauko. Ujumbe ulikuwa wa dakika sita. Alisikiliza mbili, akaja kuazima panga langu, maana lake lilivunjika mpini.

Akakata ule ulionyauka: njano. Akachanja wa pili: maji tu. Akaendelea mmoja mmoja mpaka akamaliza kibanja chote, mimi nimesimama namcheka. Akaung'oa ule mmoja, akanirudishia panga, uso umemchangamka.

Alhamisi bwana shamba Projestus alitusalimia shikamoo, akaitazama ile migomba iliyochanjwa, akauliza:

"Mama, kila ulipohamia mgomba mwingine, panga ulilipitisha motoni?"

Hakulipitisha. Kumbe ugonjwa husafiri na panga.

Alipoondoka nilimfokea Mama Mwesiga, nakiri. Nikamwambia kiherehere chake kimemponza, na wajukuu watakula nini. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza polepole:

"Panga nilikurudishia saa ngapi?"

Saa kumi. Saa kumi na moja nilikuwa kibanjani kwangu nalo, napunguza machipukizi, shina baada ya shina.

Projestus anasema dalili huweza kuchukua mwezi. Leo ni siku ya tisa tangu Jumatatu ile. Toka asubuhi nimeshaikagua migomba yangu mara nne, kwa macho tu.