Hodi Mzingani

Mfugaji huyu mpya wa nyuki ni mtu wa adabu kweli kweli: kabla ya kufungua mzinga, hugonga kifuniko mara tatu na kusema, "Hodi!" Nyuki nao hawana hiyana, hutoka wote kumlaki. Kila wiki hurudi jikoni jicho moja limefumba kwa uvimbe, akamwambia mkewe, "Wameshaanza kunizoea."

Jumamosi alikwenda kuwawekea dawa ya utitiri, vile vidudu vyekundu vinavyowanyonya. Akagonga, akapokelewa, akatoka mbio, glavu huku, kofia ya wavu kule.

"Baba watoto, mzinga umeuacha wazi na mvua hiyo inakuja," mkewe alimwambia kutoka dirishani. "Na dawa je?"

Akapapasa mfuko wa suruali. Dawa ilikuwa humo humo. Akarudi kichwa wazi. Safari hii hakugonga. Huku wakimdunga shingoni, alipachika vibanzi vilivyolowekwa dawa kimoja kimoja katikati ya masega, akafunika taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala, akainama na kusema, "Samahanini sana."

Mkewe alijishika kiuno pale dirishani. Miaka thelathini ya ndoa, kumbe neno hilo analijua!