Mbavu za Kapita

Harufu ya mafuta ya mawese yakianza kupata moto, kabla mikate haijaangushwa ndani, mpaka leo siipendi. Wengine inawaletea njaa. Mimi inaniletea hasira, na asubuhi ile ilinikuta tayari nimejaa.

Jirani yangu, dada Bibiche, au Ya Bibiche kama tunavyomwita, anakaanga mikate ya kuuza upande wa pili wa ukuta wetu mfupi, hapa Mangobo. Nilikuwa nimeshamwambia kwa upole, nimeshamwambia kwa ukali, nimeshamwambia mbele ya mume wake: usimtupie mbwa wangu chakula. Nikatoka nje na mtoto mgongoni, nikamkuta Koporo, dume kubwa la kulinda nyumba, amesimama kwa miguu ya nyuma, kucha juu ya ukuta, anapokea mkate mdomoni kama Mkristo mbele ya padri.

"Huruma, Mama Gloria," Ya Bibiche akasema, bila hata kurudisha mkono. "Imbwa kubwa hivi, iko paka mbavu tupu. Na ule mutoto wa mugongo, yeye anakula kweli?"

Bon. Hapo ndipo uvumilivu wangu uliisha. Niliuchomoa ule mkate mdomoni mwa Koporo, umelowa mate, nikaurudisha kwao kwa nguvu zangu zote. Ulitua juu ya mashuka aliyokuwa ameanika. Nikafunga vizuri kitambaa changu cha kichwa, nikashika njia ya ofisi ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu.

Mtasema: yote hayo kwa sababu ya mkate mmoja? Ngojeni. Maneno yale nilikuwa nimeshayasikia zamani, na najua yaliishia wapi.

Papa, baba yangu, alikuwa sentineli, mlinzi wa usiku, kwenye depo moja ya mizigo upande wa Bangboka, na walimchukua kazi yeye pamoja na mbwa wake, Kapita. Bosi hakuficha: mshahara ni wa papa, lakini kazi ni ya mbwa. Jioni waliondoka wawili, asubuhi walirudi wawili, na mchana walilala wawili, papa chumbani, Kapita kwenye kivuli nyuma ya jiko, wakikoroma kwa zamu. Kapita alikuwa mkubwa hivi kwamba mwaka nilioanza shule kichwa chake kilinifika kifuani.

Alikula mara moja kwa siku, katika sahani ya bati ya buluu ambayo sisi watoto tulikatazwa kuigusa: fufu kidogo, samaki wadogo wakavu, na vipande vya nyama siku ambayo nyama ilikuwapo. Kabla ya kumpa, papa alipiga goti, akafumba macho, akapitisha vidole mbavuni mwake taratibu, kama mtu anayetafuta kituo kwenye redio.

"Mbavu ya imbwa ya kazi unaitafuta na vidole, hapana na macho," alituambia. "Kama macho inaziona zote, imbwa iko na njaa. Kama vidole inazikosa, imbwa iko mugonjwa." Na kule depo, mara kwa mara, alimkumbatia akapanda naye juu ya mizani ya mizigo, kisha akapanda peke yake, akatoa hesabu kichwani. Wabeba mizigo walicheka: "Papa Sentineli, unamusafirisha wapi?"

Shida ilikuwa robineti, bomba la maji la mtaa. Pale wanawake walipanga bidoni zao, na bidoni zikisubiri maji, midomo haisubiri. Kwetu mwili ni salamu ya nyumba: bibi arusi akikonda, watu wanamtazama mume. Kapita alipita pale kila jioni, kiuno kimeingia ndani, mbavu za mwisho zinaonekana kidogo anapogeuka. Mbwa mzima kabisa. Lakini walimtazama yeye, kisha wakamtazama mama.

"Ee mama, kama imbwa ya sentineli iko vile, batoto banakula nini?"

Mama alicheka nao. Nilikuwa nimeshika kanga yake, nikaona anakaza kifuniko cha bidoni ambayo bado haina maji.

Baada ya muda, vidole vya papa vilianza kupotea. Vilitafuta, vikarudi, vikatafuta tena. Alimtazama Kapita kutoka juu, na kile kiuno hakikuwapo; mgongo ulikuwa umenyooka kama gogo. Papa hakuipeleka sahani ya buluu siku ile. Alisimama nayo mkononi.

"Kuna mutu anamulisha."

Ninyi mnaweza kudhani ni jambo dogo. Kwa sentineli ni habari ya kifo. Wezi huanza hivyo: kwanza wanamzoesha mbwa mkono wao, leo fufu, kesho mfupa, na siku waliyoichagua, nyama yenye sumu. Papa alitukalisha sote kwenye mkeka, akatuuliza mmoja mmoja nani amekuja, nani amepita, nani amesimama kwenye mlango wa lopango, wa ua wetu. Mama naye alituuliza, kwa sauti kubwa kumshinda: "Semeni! Ni nani?" Tulilia. Kuanzia siku ile papa hakulala vizuri mchana, na nyumba yetu ikawa kama chumba cha mgonjwa: kila mtu anatembea kwa vidole, kila mtu anamtazama mwenzake.

Nilikuwa na homa, nimelazwa kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, siku papa alipoamka kutafuta maji ya kunywa. Alisimama ghafla juu yangu. Nami nikageuza kichwa nione anachokiona. Mama alikuwa amechuchumaa, kichwa cha Kapita mapajani mwake, anamlisha donge la lituma, ndizi zilizopondwa, linalong'aa mafuta ya mawese. Mawazo yangu ya kwanza, nasema kweli, yalikuwa kwamba lituma yetu sisi haikuwahi kupata mafuta mengi hivyo.

"Kula, papa," alikuwa akimbembeleza mbwa. "Kula, baache kutucheka."

Papa hakupiga kelele. Laiti angepiga. "Njo wewe unamulisha?" aliuliza tu.

"Bananisema pa robineti," mama akajibu, bila kugeuka. "Kila siku. Wewe unapita, unaenda kazi. Miye njo nabakia na midomo yao."

Papa alikwenda kumfunga Kapita kamba fupi. Lakini mwili hauondoki kwa siku moja. Wiki ileile, kule depo, mtu aliruka ua, Kapita akamfuata, akaruka kutoka juu ya makasha kama alivyozoea, na goti la nyuma likakataa ule uzito. Mwizi alikwenda zake. Bosi alimtazama mbwa akiburuta mguu, akasema halipi mshahara wa mnyama wa kulala. Wote wawili waliachishwa kazi pale pale.

Papa alirudi asubuhi anasukuma toleka ya kukopa, baiskeli ya teksi, Kapita amefungwa kwenye kiti cha nyuma, kile cha abiria, ulimi nje. Mama alikuwa robineti. Na wale wale, wale wale wenye huruma, wakaanza: "Ee, ile imbwa ni nzito! Balimulisha nini hivi?"

Mama aliacha bidoni yake inajaa na kumwagika, akaenda nyuma ya toleka, akaweka mikono yake kando ya mikono ya papa, wakasukuma.

Kapita alipunguzwa polepole, kijiko kwa kijiko, na kutembezwa kwenye maji ya kingo za mto Tshopo mpaka kiuno kikarudi. Alichechemea maisha yake yote. Papa alihangaika muda mrefu kabla ya kupata kazi nyingine, na miaka mingi mimi nilimhukumu mama: aliua kazi ya papa kwa mkono wake. Mpaka nilipokuwa mama, mume wangu yuko mtoni na mashua yake wiki nzima, na Ya Bibiche akaniuliza kama mwanangu anakula. Ndipo nikamwelewa mama. Siku zile wote tulikuwa tunatafuta mkono uliomlisha Kapita. Aliyemlisha alikuwa mdomo.

Donc, basi, asubuhi ile ofisini kwa shefu, sekretari aliinua miwani. "Mama, alikupatia chakula bure. Kosa iko wapi?"

"Tonton, andika."

Alicheka. Nilikaa. Mtoto alilia, nikamnyonyesha palepale mbele ya meza, nikaendelea kukaa. Mwishowe akachukua kalamu, nikamtajia neno kwa neno:

"Mimi, Mama Gloria, mkaaji wa Mangobo, ninamshitaki jirani yangu Bibiche kwa kumlisha mbwa wangu baada ya kukatazwa mara nyingi. Mbwa huyu ndiye mlinzi wa watoto wangu wakati baba yao yuko safarini. Akizoea kula kila mkono, mkono wa mwizi nao atakula. Akinenepa, hataweza kukimbia. Mbavu zake ni kazi yangu. Ninaomba ofisi iamuru chakula cha jirani kibaki upande wake wa ukuta, na mdomo wake pia. Kama anataka kujua watoto wangu wanakula nini, apite mlangoni saa ya chakula. Kiti kipo."