Mlinganyo wa Ukuta wa Baba Neema

Jamani, sasa hivi nacheka, lakini siku ile mtaani Ipagala nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na kilichoniponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa kina Neema, majibu bado. Jumamosi moja nikaenda kumsalimia mzee wake, nikamkuta na fundi wanataka kuchimba msingi wa ukuta kati yake na jirani, Mama Sechelela. Mzee akaniuliza hesabu niliyosomea chuo inasaidia nini (utani tu, ningecheka yakaisha). Mimi huyo, nikamwambia bikoni zako mbili, hizi alama za mpaka wa kiwanja, ni nukta mbili, na nukta mbili zinatosha kutoa mlinganyo wa mstari, naomba kalamu.

Nikachomeka kijiti kando ya barabara nikakiita sifuri, nikahesabu hatua kwenda mashariki na kaskazini. Bikoni ya kwanza ikawa (2, 1), ya pili (12, 21). Mteremko ishirini kwa kumi, yaani mbili, safi. Nikahamishia kila kitu upande mmoja, nikapata 2x − y + 3 = 0, fundi akanifuata akichomeka vijiti, na vijiti vikaanza kuingia kwenye banda la kuku la Mama Sechelela.

Nikachanganyikiwa. Mstari wa bikoni unapitaje hatua tatu mbali na bikoni? Nikarudia hatua, zilezile. Nikarudia mteremko, uleule. Majirani wamejaa, kijasho kinanitoka, na badala ya kusema sijui nikatangaza kwamba hesabu haidanganyi, basi bikoni zimesogezwa.

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana mji huu watu wanafikishana mahakamani kwa bikoni. Mama Sechelela akaweka ungo wake chini, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwa hiyo mimi ni mwizi wa ardhi?"

Fundi akafunga kamba bikoni hii, akaivuta hadi ile, akaanza kuchimba. Kumbe ilikuwa −3, si +3 (ningerudishia ile 2 na ile 1 kwenye mlinganyo ningeona haileti sifuri).

Mzee hakunifokea. Alisema tu, "Barua yako nitaijibu siku Mama Sechelela atakaponiambia niijibu."

Nimeshakwenda kwa mama huyo mara tatu. Ananipa ugali na mlenda, tunaongea vizuri, kisha ananiuliza kama kuku wake bado wako upande wake. Nimeapa, mlinganyo sitautamka tena kabla sijaurudishia nukta zake, na mbele ya wakwe sitautamka kabisa.