Wageni wa Susu

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kitengela kulikuwa na watu ambao nyanya yangu peke yake ndiye aliyewaona. Tulimwita susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Baba alimleta kutoka Makueni macho yake yalipoanza kufifia, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati Kitengela bado ilikuwa nyasi na seng'enge, nyumba moja hapa, nyingine kule mbali.

Susu alipenda kukaa mlangoni kwenye kigoda, uso ameuelekeza kwenye jua. Asubuhi moja nilimpelekea uji, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mueni, hawa akina mama wamekuja kuona nani?"

Nilitazama uani. Kulikuwa na kuku tu.

"Akina mama gani, susu?"

"Hawa wamekaa kando ya tangi. Mmoja ako na leso ya kijani."

Hakuwa na hofu, na hilo ndilo lililonitia hofu mimi. Alinieleza kwamba walikuja bila kubisha na hawakusema neno. Nyuso zao hazikumkaa akilini, zilikuwa laini kama sahani iliyooshwa, lakini nguo zao aliziona hadi uzi. Mtu ambaye alihitaji kuongozwa mkono ili akipate kijiko alikuwa akinihesabia maua yaliyotiwa kwenye pindo la leso.

Mama aliposikia aliacha kukanda unga. Alikuwa mtu wa kanisa, lakini kwao alikuwa amekua akisikia kwamba mzee akianza kuona watu, hao wamekuja kumchukua, na wakichoka kungoja huondoka na mdogo aliye karibu. Kuanzia siku hiyo mimi na ndugu yangu Kioko, aliyekuwa ndio kwanza amejua kutembea vizuri, tulikatazwa kukaa na susu mlangoni. Wanawake wa kanisa walikuja wakaomba mpaka sauti zikakauka. Susu aliitikia amina kila mara. Walipoondoka aliniambia taratibu kwamba wale wageni walikuwa wamesogea kidogo ili waombaji wapate nafasi.

Mama alikuwa na swali jingine, akamuuliza Mama Naserian, Mmasai aliyetuletea maziwa. Alitaka kujua kama katika ploti yetu kulikuwa na mtu amezikwa.

"Hapana," Mama Naserian alisema. "Hapa ilikuwa ya ng'ombe tu. Kwani kuna nini?"

Mama alimwambia. Mama Naserian alitazama upande wa tangi kwa muda, akafunga mtungi wake. Tangu hapo maziwa tuliyapokelea kwenye geti.

Halafu nami nikaanza kuwaona. Sijui niseme vipi ili nieleweke, kwa sababu sikuwa nikijitungia. Saa za mchana, joto likitetemeka juu ya mabati, kitu cha kijani kilipita pembeni mwa jicho langu, kikaketi kando ya tangi. Nikigeuka nakuta sukuma wiki za mama. Nikirudisha uso, kile kitu kinaketi tena. Nilijua ni sukuma wiki. Nilijua pia kwamba sukuma wiki hazigeuzi kichwa kumtazama mtoto.

Mwaka huo mvua ilikuwa imenyesha sana, na timbo, lile shimo walilokuwa wakichimba mawe ya kujengea nyuma ya ploti yetu, lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai. Alasiri moja mama alikuwa nyuma ya nyumba akifua. Mimi nilikuwa sebuleni nikichambua ndengu, karibu na mlango lakini si karibu sana, kama nilivyoagizwa. Susu aliniita bila kugeuza uso.

"Mueni. Yule wa kijani leo amesimama."

Niliinamia ndengu zangu.

"Ameshika Kioko mkono. Wanaenda upande wa timbo. Ambia mama yako."

Nilitoka nje. Geti la mabati lilikuwa wazi kidogo, na Kioko hakuwa kwenye mchanga alikokuwa akicheza. Nilipiga kelele ambayo mpaka leo mama anasema haikuwa sauti yangu. Alinipita mbio, mikono imejaa povu, nami nikamfuata kwenye lile tope jeusi linalong'ang'ania miguu.

Kioko alikuwa amesimama ukingoni kabisa, maji yakigusa ncha za viatu vyake vya plastiki. Alikuwa ametupa mgongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umenyooka, vidole vimekunjwa, jinsi mtoto anavyomshika mtu mzima mkono. Mama alimnyakua, akaketi naye topeni, akalia bila sauti.

Nilingoja mama amchukie susu zaidi. Haikuwa hivyo. Marufuku ya mlangoni ilikwisha bila kutangazwa, na asubuhi iliyofuata, alipokwenda kuteka maji, nilimsikia akisema "asante" upande wa tangi, polepole, kama mtu anayemsalimu jirani ambaye bado hajamzoea.

Miaka ilipita. Nikiwa nimeajiriwa Kajiado mjini, nilimpeleka baba kupimwa macho, na daktari akamuuliza kama kuna wakati anaona vitu ambavyo havipo. Baba alikataa. Mimi ndiye niliyebaki nikiuliza maswali. Daktari alisema wazee wengi huwaona watu hao na huficha, wasije wakaitwa wendawazimu au wachawi. Macho yakiacha kuleta habari, alisema, akili haikubali kukaa gizani, hujichorea picha. Nilimweleza habari ya Kioko. Aliniuliza geti letu lilikuwa la aina gani.

La mabati, nilimwambia, na lilikwaruza mawe likifunguliwa.

Ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa. Susu alisikia geti. Alisikia vile viatu vidogo vikielekea timbo, wakati sisi tuliokuwa na macho hatukuwa tukisikiliza. Masikio yake yalijua, na akili yake ikaivisha habari hiyo leso. Naamini hivyo. Ila kuna ule mkono uliokuwa juu. Nilipomtajia mama, aliniangalia kwa mshangao. Mkono gani? Kioko alikuwa amelishikilia shati lake kwa mikono yote miwili, alisema, na angeweza kuapa. Tulikuwa pamoja, mahali pamoja, tukimtazama mtoto mmoja. Kioko mwenyewe hakumbuki hata timbo. Mimi nikifumba macho nauona ule mkono mpaka kwenye kucha, na sijui tena kama niliuona, au kama maneno ya susu yalifika pale kabla yangu.

Kabla ya hayo, nikiwa bado nyumbani, macho ya susu yalizimika kabisa, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Siku moja nilimkuta kwenye kigoda akilia, jambo ambalo sikuwa nimeliona hata siku ya mazishi ya babu.

"Nini, susu?"

"Wameenda."

"Wameenda wapi?"

"Sijui. Hawakuaga."

Alituomba tumwingize ndani, na hakutaka tena kukaa mlangoni. Mama alijaribu kumfariji kwa kumwambia ni heri, kwamba hawakumchukua. Susu aligeuza uso ukutani. Miaka hiyo yote tulikuwa tumewaogopa kwa ajili yake. Tuliomba, tuliulizia makaburi, tulifukuza watoto mlangoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba hao ndio walikuwa kitu pekee alichobakiwa nacho cha kutazama.